Mkopo wa simu: meseji zijadiliwe, majina hapana

Programu nyingi za mikopo ya haraka zimezoea kuomba ruhusa mbili kabla ya kutoa hata shilingi 500: kusoma meseji, na kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu. Zisipimwe kwa mizani moja.

Kwenye meseji mkopeshaji ana hoja. Mama mboga hana hati ya mshahara wala shamba la kuweka rehani. Meseji za M-Pesa ndizo zinazoonyesha pesa iliyoingia, iliyotoka na salio. Ukimnyima, huenda akakupa kidogo au akakukatalia kabisa. Lakini ruhusa hiyo haichagui: anayesoma meseji za M-Pesa anaona pia namba za uthibitisho za benki yako. Kwa Kenya ipo njia nafuu. Piga *334#, omba taarifa ya akaunti ije kwa barua pepe, kisha mtumie ya miezi anayoitaka tu.

Kwenye majina, hoja siioni. Namba ya shangazi haisemi kama utalipa. Inasema nani atapigiwa simu ili uaibike ukichelewa. Na shangazi mwenyewe hakuulizwa. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza Mulla Pride, kampuni yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho. Mwaka huohuo Google ilizipiga marufuku programu za mikopo kwenye Play Store kusoma majina na picha. Wapo wanaosema basi yameisha. Hayajaisha, kwa sababu sheria ya Play Store haiifikii APK, yaani faili ya kusakinisha programu nje ya Play Store, uliyotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp.

Dirisha la ruhusa likitokea, bonyeza "Usiruhusu". Kuanzia Android 11, ukikataa mara mbili simu huacha kuuliza. Programu ikijifunga kwa sababu umeinyima majina, ifute.

Kama ulisharuhusu, ingia Mipangilio, Programu, chagua programu yenyewe, kisha Ruhusa, uzime Anwani (ndiyo majina yaliyohifadhiwa). Hapo ndipo wengi hukosea: kuzima kunazuia usomaji mpya tu. Majina yaliyokwisha kupakiwa yako kwenye seva ya mkopeshaji, na hata ukiifuta programu yanabaki huko. Mwandikie ukidai ayafute; Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki hiyo. Weka nakala, na akinyamaza mpelekee Kamishna malalamiko. Usingoje umalize deni. Mkopeshaji anaweza kutunza kumbukumbu za mkopo wako, ila namba za jamaa zako si sehemu ya mkopo huo.