Bendi huru Uganda: usiku wa kila wiki au safari za Ulaya?

Mwaka 2025 Afrigo Band, bendi ya muziki wa dansi ya Kampala, ilitimiza miaka 50. Moses Matovu, mpiga saksafoni aliyepitia Cranes Band kabla ya kuianzisha Afrigo na wenzake mwaka 1975, ndiye jina linalotajwa kwanza kila inapozungumzwa. Ukigeukia bendi changa za Kampala, hasa za roki na miziki isiyopigwa redioni, nyingi hazifiki albamu ya pili. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba Waganda hawapendi roki. Sikubaliani nayo. Kinachoziua ni hesabu: watu watano wanagawana malipo yaliyopangwa kwa mtu mmoja.

Tazama Jumamosi ya bendi kama hiyo. Dramu, ampu mbili na kibodi havipakiki kwenye boda boda, kwa hiyo inakodiwa gari kutoka Ntinda hadi Kabalagala, mitaa miwili ya Kampala. Mwenye baa ana bei yake moja. Mwimbaji anayekuja na midundo kwenye flashi anaipokea vizuri tu, maana yote ni yake. Bendi ikishalipia gari, chakula na chumba cha mazoezi, kinachobaki ni nauli ya kurudi nyumbani. Na bado wanaambiwa wapige kopi, nyimbo ambazo wateja wanazijua. Zao wenyewe watazipiga saa nane za usiku, nusu ya viti ikiwa mitupu.

Afrigo ilijibu hesabu hiyo kwa kuwa na ukumbi na siku zake, wiki hadi wiki, mpaka watu wakajua pa kuikuta. Pato la namna hiyo si kubwa, lakini linatabirika, na bendi inaweza kupokea watu na kuwaaga bila kuvunjika. Rachel Magoola aliimba Afrigo, akatoka, akafanya kazi zake mwenyewe na baadaye akawa mbunge wa Bugweri; Afrigo haikusimama. Bendi ya marafiki waliosoma pamoja haina uwezo huo. Mpiga dramu akipata ajira Gulu, habari yao imekwisha.

Lakini tusiipambe njia hii kupita kiasi. Inawafaa zaidi wanaopiga muziki wa kucheza, na kijana anayetunga nyimbo nzito za gitaa hawezi kujaza ukumbi kila Ijumaa kwa mashabiki mia waliotawanyika mjini. Halafu anayeishi kwa ukumbi huanguka na ukumbi. Korona ilipofunga burudani Machi 2020, vilabu vya usiku havikufunguliwa tena mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili! Kuna waliouza vyombo, na chombo kilichouzwa kwa njaa hakirudi.

Njia ya pili inapita Nyege Nyege, tamasha lililoanza Jinja mwaka 2015, pamoja na lebo yake ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Wanasiasa walijaribu kulizuia mwaka 2018 na tena 2022, likafanyika tu. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu ilifungulia mlango sauti ambazo hakuna promota wa kawaida angezigusa. Duma wa Nairobi, watu wawili wanaochanganya metali na kelele za mitambo, walitoa albamu yao kupitia lebo hiyo mwaka 2020 na wakasikilizwa hadi Ulaya. Ila angalia idadi: wawili. Tikiti ya ndege inahesabu vichwa, na viza vilevile. Si ajabu kwamba wengi wanaosafiri kwa njia hii ni mtu mmoja au wawili wenye kompyuta.

Bendi yenye watu wengi ikithubutu, inakutana na ubalozi. Nihiloxica, wapiga ngoma wa Kampala wakishirikiana na wanamuziki wawili Waingereza, walitoa albamu ya Kaloli mwaka 2020 na kusifiwa nje. Ile ya 2023, Source of Denial, ilitokana na masaibu ya viza za Uingereza. Wana jina, wana albamu, na bado ofisa wa uhamiaji anaweza kuwafutia ziara nzima. Hilo linaniuma, kwa sababu ni watu waliofanya kila walichoambiwa wafanye.

Kwa hiyo nikilazimika kuchagua, naanza na nyumbani, hata kwa usiku mmoja tu kwa mwezi. Bendi inayomiliki dramu na ampu zake na yenye ukumbi unaoijua inaweza kukataa mkataba mbaya kutoka nje. Isiyo na kitu itatia sahihi chochote.

Na kati ya Kabalagala na Berlin kuna mahali tunapoparuka. Tangu 2014 Mganda anaingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Nairobi ina mashabiki wengi wa roki kuliko Kampala, ina bendi zinazoweza kukopesha dramu, na basi la usiku linalopita Busia au Malaba linafika asubuhi. Nyimbo tatu za Kiswahili kwenye orodha zingewasaidia kusikilizwa huko, na wale wa Nairobi wakija Kampala mwezi unaofuata, vyombo vya wenyeji wao vitakuwa tayari jukwaani.