Kanzu si ushahidi

Nilipofika ukurasa wa tatu wa mswada nilishamjua gaidi. Anashuka boti bandarini Malindi, Unguja mjini, kanzu nyeupe, ndevu za hina, tasbihi mkononi, na macho ambayo mwandishi anasema hayapepesi. Zilikuwa zimebaki kurasa 300 na ushei. Nikauweka mswada, nikatoka barazani. Watu walikuwa wanarudi msikitini baada ya alasiri, nikahesabu kanzu kumi na moja. Wawili katika hao wana ndevu za hina: mmoja muuza samaki, mwengine mjomba wangu.

Mswada ni wa kijana niliyemfundisha fasihi skuli hapa Chake Chake, na ndiyo riwaya yake ya kwanza. Aliniletea kwa mkono wake, akaniambia, "Maalim, usinionee haya. Niambie kweli." Ni hadithi ya njama. Bomu linapangwa kulipuliwa Unguja mjini siku ya Idi, sheikh mmoja ana maneno ya mimbarini na maneno ya chumbani, na kikosi cha makomando ambacho hata mawaziri hawakijui kinaingia usiku kuja kuokoa watu. Nimeusoma wote mara mbili. Ameniridhia niandike habari zake bila ya kumtaja jina, na ninaandika kwa sababu kosa lake si lake peke yake. Ni kosa ambalo sote tumelishwa kwa filamu na habari za televisheni mpaka tumeliona ni chakula chetu.

Kwanza haki yake. Kijana ana kalamu. Sura ya kumi na mbili, mama wa mtuhumiwa anaondoka bandari ya Mkoani, Pemba, na kikapu, anavuka hadi Unguja, anavuka tena hadi Dar es Salaam, analala kwa jamaa Temeke, asubuhi anakwenda mahakamani. Hakimu anaingia, wakili wa serikali anasimama, anatamka maneno matatu: "Upelelezi bado haujakamilika." Kesi inaahirishwa wiki mbili. Mama anarudi na kikapu chake. Sura nzima haina risasi hata moja, na mimi nilikuwa nimeshika roho. Kila aliyekuwa na mtu wake kwenye kesi isiyo na dhamana anayajua maneno yale. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walifunguliwa kesi ya ugaidi Bara mwaka 2014, na mashtaka yakaja kufutwa Juni 2021. Wake na mama zao walikwenda na kurudi miaka yote hiyo. Kijana amekaa na watu hao, amewasikiliza, na inaonekana.

Kwa hiyo kinachonisikitisha ni kwamba mtu huyu huyu, akimwacha mama na kumgeukia gaidi, haoni tena. Anaazima macho ya mtu mwengine.

Chukueni adhana. Katika mswada inasikika mara sita, na kila ikisikika mtu anakufa. Ameitumia kama filamu zinavyotumia ngoma ya kutisha, ili msomaji ajiandae. Nilimwuliza, "Mwanangu, wewe mwenyewe ukiisikia adhana ya alfajiri kitandani, unahisi nini?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nahisi mama keshaamka." Nikamwambia hicho ndicho cha kuandika. Mtu aliyelelewa Pemba, anayeujua mlio wa kila muadhini wa mtaa wake na anajua yupi ana mafua, ameiandika adhana kama mtalii aliyeshtuka usingizini siku yake ya kwanza hotelini.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, maana riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina asili yake visiwani humu humu, na ilianza kwa kulikataa kosa hili hasa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, pahala watu wanapaogopa. Ingekuwa wepesi kusema wazee wamekasirika, tukasoma dua tukaenda zetu. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi, na kiko chake hakubali. Anataka kujua nani alikuwa wapi, nani anafaidika, nani anasema uongo. Mzimu hauui. Anayeua ni mtu, ana jina, ana sababu, na sababu hiyo inachunguzika.

Zaidi ya miaka sitini baadaye mwanafunzi wangu ameuchukua mzimu ule ule akauvika kanzu. Ukiuliza katika kitabu chake kwa nini bomu linatengenezwa, jibu ni "imani". Nani kalipia? Imani. Nani kawakutanisha? Imani. Hilo si jibu, ni mahali pa kuachia kuuliza.

Nikamtajia mambo yaliyotupata kweli. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali akifanya mazoezi asubuhi. Tarehe 17 Februari 2013, siku ya Jumapili, Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akienda kusalisha misa. Sheikh na padri, miezi mitatu kati yao, katika mji ambao kanisa la Minara Miwili na misikiti ya Mji Mkongwe vinasikilizana kengele na adhana kila siku. Mwandishi anayesema "dini imeua" anieleze kwanza ni dini ipi iliyomdhuru sheikh. Hawezi, kwa hiyo itambidi atafute watu, na akitafuta watu ndipo riwaya yake itakapoanza kutembea.

Nakumbuka vyema Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Nilikuwa mwalimu mpya, redio ikiwa juu ya kabati la vyombo. Balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa kwa kupishana dakika chache. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, na wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki waliokuwa kazini au wakipita njia. Baadaye tukasikia kwamba miongoni mwa waliotafutwa wamo wazaliwa wa Zanzibar. Nisiseme uongo: iliuma, na ilitisha. Mjomba wangu wa ndevu za hina alisafiri mwaka uliofuata kwenda kumuuguza mkewe hospitali nchi ya nje, akatolewa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, akavuliwa viatu na kofia, akahojiwa kwa muda wa saa nne. Kosa lake lilikuwa limeandikwa kwenye pasi: mahali pa kuzaliwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Alipofika mkewe alikuwa keshazimia, wala hakuzindukana tena.

Basi mimi nisiambiwe kwamba kumchora gaidi kwa ndevu ni ufundi tu wa hadithi. Picha hiyo ina watu iliowafikia.

Sasa tazameni kesi zenyewe zilivyokuwa, maana mahakamani New York zilisimuliwa bila ya mzimu. Bomu la Dar es Salaam lilitengenezwa katika nyumba ya kupanga Ilala. Palikuwa na gari lililonunuliwa, mitungi ya gesi iliyokusanywa, watu waliotumwa huku na kule. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, alikamatwa Cape Town mwaka 1999, na 2001 akahukumiwa kifungo cha maisha. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar pia, alikamatwa Pakistan 2004, akapitia mikononi mwa shirika la ujasusi la Marekani na Guantánamo kabla ya kufikishwa mahakama ya kiraia. Mwaka 2010 jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka, kwa kuwa shahidi huyo alijulikana kutokana na maneno Ghailani aliyotolewa kwa nguvu. Mashtaka yalikuwa zaidi ya 280. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia yote isipokuwa moja. Na hilo moja lilikuwa nini? Kula njama ya kuharibu majengo na mali za serikali ya Marekani. Kwa hilo peke yake akapewa kifungo cha maisha Januari 2011.

Niliposoma habari hizo nilikaa nazo siku nyingi. Mambo yote ya riwaya ya njama yamo: mtesaji anayeiharibu kesi yake mwenyewe, jaji anayeshika sheria huku nchi nzima ikimtazama, ndugu za waliokufa wanaongoja. Hakuna haja ya sheikh wa macho yasiyopepesa.

Makomando nao. Kikosi cha kijana kinatoka majini karibu na Chumbe, watu wanane, hawana majina, wanazungumza kama maandishi ya chini ya filamu, wanaua magaidi kumi na tisa na kuondoka kabla ya jua. Wanatoka wapi? Nani anawalipa? Wakimpiga asiyehusika, mamake aende kwa nani? Kitabu hakiulizi. Angalau hakumsahau KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo, maana mtoto wa Pemba hukua akijua boti zile na hadithi za karafuu zinazovushwa usiku kwenda Mombasa. Lakini kawaweka pembeni kama watu wasiojua kitu, ili wageni wang'are.

Na jambo moja nilimwambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa kila mmoja wetu analijua. Visiwa hivi vimeshawaona watu wa usiku wasio na majina. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa, hadi marudio ya Machi 2016, watu waliofunika nyuso walipita mitaani kwa magari, wakipiga watu, na mitaa ikawapa jina: mazombi. Kijana alikuwa mjini wakati ule, anajua mlango unavyobishwa usiku. Anaweza vipi kuandika kwamba sura iliyofunikwa ni ya mwokozi, wala asimweke mhusika hata mmoja wa kushtuka?

Hata penye makomando wa kweli, kazi yao ni ukurasa mmoja. Septemba 2009 makomando wa Marekani walimuua Saleh Ali Saleh Nabhan, Mkenya aliyekuwa akitafutwa kwa ugaidi, kwa helikopta karibu na Barawa, Somalia. Hilo ni tendo la dakika chache. Lakini Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyetajwa kuongoza mashambulio ya 1998, aliyewekewa zawadi ya dola milioni 5 na kuwindwa karibu miaka 13, hakuuawa na kikosi cha siri. Juni 2011 gari lake liliingia kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu, na askari wa Kisomali waliokuwa zamu wakampiga risasi bila ya kumjua ni nani. Kabla ya hapo alipata kuishi Siyu, kisiwani Pate, Kenya, kwa jina lisilo lake. Alifundisha madrasa. Alioa huko. Watu walimpenda.

Hilo la mwisho ndilo lililomkalia mwanafunzi wangu. Tulikuwa barazani kwangu, chai imepoa. Akaniuliza, "Maalim, nikimvua kanzu, nikimnyang'anya na tasbihi, msomaji atamjua gaidi kwa kitu gani?" Nikamwambia asimjue. Watu wa Siyu hawakumjua, na si kwa sababu ni wajinga. Kisha nikamrudisha Ilala: nyumba ile ilikuwa na mwenyewe. Mtu alibisha hodi, wakakubaliana bei, akapewa ufunguo. Anza na yule aliyetoa ufunguo.

Aliuchukua mswada akaondoka, na kwa wiki tano sikumsikia. Niliogopa nimemvunja moyo. Juzi amenitumia kurasa kumi na nne kwa simu. Boti inafika Malindi kama mwanzo, lakini anayeshuka ni mama na kikapu chake, na mzee wa ndevu za hina anamsaidia kuuvuka ubao. Gaidi hayumo kabisa kwenye boti. Yuko Unguja zamani, amepanga chumba cha uani kwa bibi mmoja mjane, amelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dari iliyokuwa ikivuja ameiziba kwa mkono wake. Ni Ramadhani. Bibi anamsifu kwa majirani, na kila magharibi, kabla hajafungua mwenyewe, anafunika sahani kwa kawa, anavuka ua na kumpelekea futari.