Pikipiki Niliyoikata Kwenye Picha

Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Kijana wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa kaskazini mwa Tanzania, yuko juu ya mbuyu, karibu na Ziwa Eyasi, amesimama kwenye vigingi alivyopigilia mwenyewe, anafukiza nyuki. Chini ya mti palikuwa na pikipiki. Kabla ya kuipeleka darasani niliikata, isije ikawatoa wanafunzi kwenye mada. Kipindi kilipofika katikati, mmoja wa waliokaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mama yangu ni wa huko. Wajomba zangu wana simu. Hiyo picha ni ya lini?"

Mwalimu aliyewahi kuishi na watu kwa utafiti, je, awalete darasani kwa masimulizi yake mwenyewe, au abaki na vitabu?

Wanaotaka asimulie wana hoja nzito. Katika masomo ya historia, Wahadzabe wamezoea kutajwa kama mfano wa ujima, yaani maisha ya kale ya pamoja yasiyo na mali binafsi, kisha ukurasa unafunuliwa. Mwanafunzi anatoka akidhani ni masalia ya kale. Aliyekaa nao kambini anaweza kueleza jinsi nyama ya mnyama mkubwa inavyogawanywa bila mwindaji kujitwalia, na kwamba mwaka 2011 walipata hati za kimila za ardhi katika Bonde la Yaeda, ambako sasa wanalipwa kwa kutunza misitu kupitia biashara ya hewa ya ukaa. Ujima gani huo wenye hati?

Simulizi ninalolipenda zaidi ni la mwanaanthropolojia Richard Lee, aliyeishi na Wasan, wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, miaka ya 1960. Krismasi ilipokaribia alinunua ng'ombe dume mnono awashukuru wenyeji wake. Kila aliyepita alimsimanga: mbona umetuletea mifupa, tutalala njaa! Alipochinjwa, mafuta yalikuwa tele, na watu wakaangua kicheko. Baadaye Lee akaelezwa kwamba hata mwindaji wao akileta kinono hupondwa vivyo hivyo, asije akavimba kichwa na kujiona bwana wa wenzake. (Aliyekulia penye utani hataona ajabu hapo.)

Simulizi hilo linafundisha kwa sababu mjinga ndani yake ni msimuliaji. Yetu mengi siyo hivyo. Humo mwalimu ndiye shujaa: alikula mizizi, alilala chini, wazee walimpenda. Hapo ndipo wanaopinga wanapopata nguvu. Msimu mmoja kambini unageuka "wao hufanya hivi", mzee mmoja mcheshi anageuka kabila zima. Na yapo tunayoyaacha. Shajara ya Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia aliyewafundisha wengi kwamba utafiti ni kuishi na watu, ilichapishwa mwaka 1967, miaka 25 baada ya kifo chake. Imejaa uchovu, hasira na maneno ya dharau kwa wenyeji wa Visiwa vya Trobriand, karibu na Papua Guinea Mpya, alikofanya utafiti, mambo ambayo wasomaji wa vitabu vyake hawakuwa wameyaona.

Kuna na ruhusa. Aliyekubali kuzungumza nami kando ya moto hakukubali kuchekwa na wanafunzi sitini. Wasan wa Afrika Kusini hawakusubiri tuamue: mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe kwa watafiti, wakidai heshima, uaminifu na haki.

Hata hivyo naegemea upande wa kusimulia. Kitabu nacho kiliandikwa na mtu aliyekata kitu pembeni, ila yeye hayupo darasani kuulizwa. Mwalimu yupo. Basi na aseme alikaa muda gani, nani alimpokea, lugha aliielewa kiasi gani, na picha ilikuwa na nini kabla ya mkasi.

Mwaka uliofuata nilipeleka picha nzima. Swali la kwanza lilikuwa petroli wanaipata wapi, na kwa bei gani. Sikuwa na jibu.