Kanipimia Chumba kwa Tepu Yangu Mwenyewe
Jamani, mwenye biashara nyumbani ana ofisi au hana? Nauliza kwa sababu kijana wa mahesabu katoka hapa sasa hivi, na kwa maelezo yake mimi fundi mzima nashonea hewani.

Nilimwita kwa heshima zote anitafutie gharama za kuondoa kwenye mapato kabla ya kodi. Nikavaa koti. Nikamwonesha ofisi: cherehani, meza ya kukatia, pasi. Akaomba tepu iliyokuwa shingoni mwangu, akapima ukuta hadi ukuta, kisha nyumba nzima mpaka choo.

"Fundi, chumba hiki ni moja ya sita ya nyumba. Pango na umeme, moja ya sita unaweza kuidai."

Nikatabasamu. Kumbe bado.

"Na hili godoro nyuma ya mlango?"

"La mama mkwe, akija."

"Anakuja mara ngapi?"

Wewe umewahi kuulizwa swali hilo mkeo yuko sebuleni, kimya? Nikasema mara chache. Sebuleni kikasikika kikohozi. Nikasema mara nyingi. Kijana akapiga mstari: chumba hakitumiki kwa biashara pekee. Akageukia meza, akakuta daftari la hesabu la mtoto juu ya kitambaa cha mteja. Mstari mwingine. Eti Marekani nako wangenikataa hivi hivi, ingawa aliyefaulu kule hupewa hata njia ya mkato: anaandika gharama ya dola 5 kwa kila futi ya mraba ya ofisi, mwisho futi 300. Uingereza wanahesabu saa. Ukifanya kazi nyumbani saa 25 hadi 50 kwa mwezi, unaandika pauni 10, yamekwisha. Hakuna aliyeuliza godoro!

Tukaja kwenye simu. Asilimia ngapi ya biashara? Nikamuuliza, mama mkwe akipiga kuulizia gauni lake, hiyo ni biashara au ukoo? Na gauni lenyewe hajalipa.

"Basi andika deni lililokufa," nikasema.

"Haiwezekani, fundi. Wewe unaandika mapato pesa ikishaingia mkononi. Hilo halikuwahi kuingia, utaliondoa wapi?"

Yaani nimedhulumiwa, na dhuluma yenyewe haina pa kuandikwa.

Cherehani ndiyo iliyonusurika. Gharama yake inagawanywa kwa miaka, wanaita uchakavu. Mgongo wangu umechakaa miaka hiyo hiyo, juu ya cherehani hiyo hiyo, lakini hauna fomu. Risiti nusu zimefifia, nimebaki na karatasi nyeupe. Suruali yangu ya kazini nayo haihesabiki, kwa kuwa ni nguo ya kawaida, naweza kuivaa hata harusini. Harusi ya nani, hii yenye chaki makalioni?

Haya, mlango huo unagongwa. Ni yule bwana wa suruali ya kijivu, anadai nimeibana. Sijaibana! Vipimo vyake ninavyo kwenye daftari. Watu hawa wakinenepa wanalaumu kitambaa, kitambaa kikikaa kimya wanamgeukia fundi. Pindo nyuma niliacha la kutosha, nitamfumulia. Lakini leo anapimwa upya, na pumzi ataitoa yote mbele yangu, siyo kuficha tumbo kama alivyofanya siku ile huku ananiangalia usoni.