Msiuite mateso ule mchoro wa ngoma ya jua

Kuna mchoro wa zamani unazunguka sana mitandaoni, vijana wa Kisioux, wenyeji wa asili wa Marekani, vifua wazi, kamba zimetoka kifuani mpaka kwenye mti uliosimamishwa katikati, wanajivuta kwa nyuma na watu wamekaa wanawaangalia. Ulichapwa Januari 1875 kwenye gazeti la Harper's Weekly la New York, wachoraji ni Jules Tavernier na Paul Frenzeny. Kila nikiona mtu kaushea kama kioja inaniuma kwakweli.

Chanzo ni maelezo ya pale chini ya picha. Yanasema hawa ni "madume machanga" wanaoonyesha ustahimilivu kwa kujitesa. Madume jamani! Neno la wanyama kama mbuzi na paa, wamepewa watu walioko kwenye ibada.

Walakota, ambao ni Wasioux wa magharibi, ngoma hii wanaiita Wiwanyang Wacipi, yaani kucheza huku unalitazama jua. Inachezwa siku nne, hamna kula hamna kunywa, na ule mti unakatwa kwa dua halafu unabebwa na watu mpaka uwanjani bila kuuacha uguse chini, na mchezaji ana filimbi ya mfupa wa tai mdomoni anapuliza jua linawaka. Anayetobolewa ngozi ya kifua ni mtu anayeondoa nadhiri, pengine aliombea mgonjwa wake akapona, pengine alitoka vitani mzima, na wazee wao wanafundisha kwamba mwili wako ndio kitu pekee ambacho ni chako kweli, kwa hiyo ukitaka kutoa sadaka ya maana unatoa huo. Sasa hapo mateso yako wapi? Sisi tunaojua uzito wa nadhiri tulitakiwa tuwe wa kwanza kuelewa.

Na macho yale yale ya gazeti ndiyo yalikaa ofisini. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ikaipiga marufuku, ukicheza unanyimwa mgao wa chakula mpaka siku 10, ukirudia unaweza kufungwa, na hapo nyati walishamalizwa kwa hiyo watu wanategemea huo huo mgao. Sheria ya kulinda dini zao imekuja 1978! Leo kwenye ngoma nyingi kamera hairuhusiwi kabisa na mimi nawaunga mkono asilimia mia.

Ukitaka picha tafuta za Amos Bad Heart Bull, Mlakota mwenyewe, alinunua daftari la hesabu la dukani akalijaza michoro zaidi ya 400 ya maisha ya watu wake, vita, farasi, ngoma, hiyo ya jua imo. Alifariki 1913, daftari likabaki kwa dada yake, na dada alipofariki 1947 wakamzika nalo. Tunachokiona sisi ni picha zilizopigwa kabla halijaingia kaburini.