Upepo ni bure, nyaya si bure
Mwandishi mmoja anadai kwamba hapa Kenya tukizima mitambo ya dizeli bili za stima zitashuka zenyewe, kwa kuwa upepo na jua havinunuliwi. Sikubaliani naye. Gharama iko kwenye mkopo wa ujenzi na nyaya. Pale Loiyangalani, kaskazini mwa nchi, mitambo 365 ya upepo ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha Suswa, Narok, ikachelewa hadi 2018. Mwekezaji alilipwa fidia kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia, na sehemu yake ikaingizwa kwenye bei tunayolipa! Dizeli iondoke, naam, hasa kwa vile umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, upo usiku na mchana. Ila kwa nini mikataba hii ya wawekezaji wa umeme tusioneshwe kabla haijatiwa saini?