Hiyo Sauti Kwenye Video ni ya Ndege

Tuanze na lililo muhimu. Ile sauti ya sekunde ya 14, kwenye video ya mimi nikipinduka na mtumbwi ziwani, kama mbuzi aliyebanwa na mlango, si yangu. Ni ya ndege. Wakanada wanamwita loon, mweusi mwenye madoa meupe mgongoni, wamempenda mpaka wakamweka kwenye sarafu yao ya dola moja. Akishtuka hutoa kicheko cha kutetemeka ambacho ukikisikia mara ya kwanza unatafuta nani kachomwa kisu.

Nalisema mapema kwa sababu rafiki yangu keshairusha video kwenye magrupu matatu, moja likiwa la ukoo wa mama yangu (sijui nani alimwingiza), na maneno haya chini yake: "Mtoto wa pwani akutana na maji." Shangazi yangu wa Pangani kaniletea ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tatu na nusu ni kicheko.

Huyo rafiki ni mtu wa Dodoma. Naomba mlitafakari hilo. Mtu aliyekulia mahali ambapo mto ni mchanga mpaka mvua iamue vingine, leo ndiye mkuu wa michezo ya majini kwenye kambi ya watoto huku Ontario, na mimi niliyezaliwa nikisikia bahari dirishani ndiye niliyepinduka mbele yake. Haya, endeleeni kucheka, nawasubiri.

Mnaonifuata humu mnajua ninaandika riwaya ya wapagazi wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, na mnajua sura ya saba imekwama tangu Aprili. Nikajipa dawa: kiangazi kizima nisome habari za wapagazi wa kwingine. Nikakutana na wale waliokuwa wakitoka Montreal na mitumbwi kwenda Grand Portage, ukingoni mwa Ziwa Superior, karne ya 18, kufuata ngozi za wanyama. Nikanogewa. Mpagazi wetu alibeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi. Hawa kila mzigo ulikuwa kilo 41, na penye maporomoko mtu alibeba miwili kwa safari moja, ukining'inia kwa mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso. Hapo Grand Portage penyewe ni kilomita 13 na ushee za kupanda na kushuka. Safari za majini walizihesabu kwa kiko: kutoka hapa hadi pale ni mapumziko matano ya kuvuta tumbaku. Na mtumbwi wao ulikuwa gome la mti lililoshonwa kwa mizizi, mishono ikazibwa kwa utomvu. Mtu wa Lamu akisoma hapo anakumbuka mtepe, kile chombo cha kushonwa, na kamba zake za makumbi, anajisikia yuko nyumbani.

Kuna sentensi nyingine ilikuwa humo humo: wengi wao hawakujua kuogelea. Hiyo niliipita haraka.

Sasa, jalada la nyuma la kitabu changu cha pili linasema "mwandishi ni mpiga kafi mzoefu". Uzoefu wenyewe ni wiki nane za mwaka 2006, kwenye kambi hii hii, na sita kati ya hizo nilikuwa jikoni nikikwangua masufuria ya uji wa shayiri. Kwa hiyo rafiki aliponialika wiki iliyopita nije "nikumbushie", ningesema nini? Nimechapisha.

Niwape kwanza elimu ya mtumbwi huu, ili mjue kwamba nilijua. Ngalawa ya kwetu ina matengo huku na huku, zile mbao za kuelea ubavuni, yameshikwa na mirengu, ile miti ya kukingama. Unaweza kuegemea, kubishana, kumenya chungwa, nayo imetulia. Mtumbwi wa Kikanada hauna tengo. Una urefu wa karibu mita 4.9, upana sentimita 90, uzito kama kilo 30, na kitu pekee kinachouzuia usipinduke ni wewe kukaa chini. Ndiyo maana unapiga magoti: magoti yametanuliwa sakafuni, makalio yameegemea tu ukingo wa kiti. Ukikaa juu ya kiti umepandisha uzito, na chombo kinakuwa chepesi wa hasira.

Na ukiwa peke yako kwenye mtumbwi wa watu wawili, hukai kiti cha tezi, yaani cha nyuma. Kiti hicho kiko mwisho kabisa, ukikikalia omo, yaani mbele, inainuka hewani na upepo unaipokea kama tanga. Unachofanya ni kugeuza: unakaa kiti cha omo ukitazama tezi. Kiti cha omo kimewekwa nyuma kidogo kumpa mkaaji nafasi ya miguu, kwa hiyo ukikigeuzia uso unakuwa karibu na katikati. Kisha ncha ya mbali unaweka uzito, mfano dumu la maji la lita 20.

Haya yote ninayo kwenye daftari. Nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mara mbili.

Sasa nilikaa wapi? Kiti cha tezi. Kwa nini? Kwa sababu gatini kulikuwa na watoto kumi na wawili, wa miaka kumi, kumi na moja, na rafiki kawaambia "huyu ndiye yule mwandishi", na kukaa kinyumenyume kwenye mtumbwi kunaonekana kama mtu aliyepanda daladala akakosa siti akageukia abiria. Nikaenda tezi, kama nahodha. Nikakaa kwenye kiti, magoti juu. Na mfuko wa vitabu vitatu, badala ya kuusukuma mbele, nikauweka nyuma yangu. Ukitaka kuharibu mizani ya chombo kwa makusudi huongezi kitu hapo.

Mita thelathini za kwanza nilipendeza. Nilipiga lile pigo la herufi J: unavuta kafi hadi usawa wa nyonga, halafu mkono wa juu unageuza dole gumba litazame chini na bapa linasukuma maji nje kidogo, pua isiyumbe. Nikasikia mtoto mmoja anasema "wow". Kitoto hicho kimechangia sana.

Upepo ukaja kutoka kushoto. Omo, ikiwa imeinuka kama pua ya mtu mwenye dharau, ikageuka nao kulia. Nikapiga kafi la kufagia upande wa kulia ili irudi. Haikurudi. Nikafagia tena. Mtumbwi ukazunguka polepole, kwa heshima, ukaanza kunirudisha kinyumenyume kuelekea kule watoto wanakoogelea, kafi langu likitumika kama kijiko kwenye sufuria ya harusi.

Hapo rafiki akapaza sauti kwa Kiswahili: "Piga magoti, kaka! Piga magoti!"

Ndugu zangu. Mbele za watu, mtu wa Dodoma ananiambia nipige magoti. Nikajifanya sisikii. Akarudia. Upepo ukaongezeka, nikaona bora nusu ya aibu, nikaamua kushuka kwenye kiti. Kushuka kwenyewe ni hivi: mikono yote miwili kwenye kingo, uzito katikati, magoti yanashuka pamoja. Mimi nilishusha goti moja. La kulia. Kwanza.

Nataka mwende nami taratibu hapa, maana video inapita haraka na haitendi haki.

Ukingo wa kulia ukashuka. Haukuanguka, ulishuka, kama mzee anayeketi. Ukafika usawa wa ziwa ukasimama hapo, na kwa muda nilioweza kusoma ukurasa mzima hakuna kilichotokea. Wakati huo dawa ni moja: laza bapa la kafi juu ya maji upande unaoinama, lipige kama unampiga mtu mgongoni, na kichwa kiinamishe huko huko majini huku nyonga ikiusukuma mtumbwi urudi. Inaonekana ni wazimu, lakini kichwa ndicho kizito, na ukikiinua kwa hofu mwili unazidi kuzama upande ule ule. Mimi kichwa nilikiinua mpaka shingo ikalia. Kafi nikaliachia. Na kwa mikono yote miwili nikaukamata ukingo wa kushoto, ule wa juu, nikauvuta kwa nguvu zangu zote kuelekea kwangu.

Wanaojua fizikia wameshafumba macho. Ule ndio ukingo uliokuwa unapaa, na mimi naongeza kasi yake.

Maji yakaingia bila kelele, kama uji unaofurika chini ya kifuniko. Yakapita juu ya goti. Nikaona vitabu vinatoka kwenye mfuko ambao sikuufunga, kimoja kikafunguka juu ya maji na kurasa zikapepea. Nikaona vinywa kumi na viwili. Nikamwona rafiki yangu, na hili sitalisamehe, akigeuza simu kutoka wima kwenda mlazo ili picha ienee vizuri. Wazee walisema waendao tezi na omo hurejea ngamani, tumboni mwa chombo. Mimi omo sikufika, na ngama ndiyo iliyonifuata mimi.

Nikazama, nikaibuka. Jaketi okozi, ambalo nilifunga kifungo cha juu tu kwa sababu ya tumbo, lilipanda likanikaa masikioni. Nikaogelea. Nilipiga mikono, nilipiga miguu, nilimtaja Mungu kwa majina ambayo sikujua ninayakumbuka. Kisha kisichana kimoja chenye meno mawili ya mbele yaliyopishana kikaja ukingoni mwa gati, kikainama, kikasema kwa upole ule wa kumwambia bibi kwamba miwani iko kichwani:

"Samahani, bwana, hapo unaweza kusimama."

Nikasimama. Maji kiunoni.

Mengine ni mafupi. Watoto wanne wakaja na mitumbwi miwili wakafanya uokoaji wa mtumbwi juu ya mtumbwi: wa kwangu wakaufudikiza, wakauvuta kifudifudi ukavuka juu ya kingo za mmoja wao, maji yakamwagika, wakaupindua wima, wakauteleza majini. Dakika tatu hazikutimia. Rafiki aliwashukuru kwa kufanya zoezi "katika hali halisi". Nikaambiwa kila mtoto pale alishapinduka kwa makusudi siku ya kwanza ya kambi, ndiyo sharti la kuruhusiwa kupiga kafi. Mimi ni wa kwanza kufaulu bila kusajiliwa.

Vitabu viwili vimepona: niliviweka wima, nikachomeka karatasi za jikoni kila kurasa ishirini, nikabadilisha kila saa mbele ya feni. Cha tatu kina picha kwenye karatasi za kung'aa, na hizo zikilowa zinagandana kuwa tofali, ukizibandua zinachanika. Ni cha maktaba. Nitalipa. Sura ya saba sasa ina mpagazi anayeanguka mtoni, na huyo si mtu wa pwani.

Kuhusu sauti. Nimeitazama video tena usiku huu na spika za masikioni, maana shangazi anataka majibu. Sekunde ya 14 ni ndege, naapa, anaonekana kona ya kushoto, shingo juu. Sekunde ya 16 anapiga mbizi, hayupo tena.

Ile ya sekunde ya 19 naomba tusiijadili.